Barua ya wazi kwa wakuu wa mashindano ya poka: bangili isiwe kibali cha kututukana

Las Vegas

Kwa Waheshimiwa Wakurugenzi wa Mashindano,
Wasimamizi wa kumbi za poka,
Na wakuu wa ukumbi ninaofanyia kazi,

YAH: MATUSI MEZANI NA ADHABU ZINAZOPIMWA KWA UKUBWA WA JINA

Waheshimiwa,

Baada ya salamu na heshima. Mimi ni mgawa karata kwenye mashindano ya poka, na bangili ninayoitaja hapo juu ni tuzo anayopewa mshindi wa shindano la World Series of Poker. Nimezaliwa Tanga, na huu ni mwaka wangu wa 11 kugawa karata katika jiji hili. Jambo ninaloliandika leo nimeshawafikishia mara tatu kwa Kiingereza: kwanza kwa msimamizi wa zamu, kisha kwa ofisi ya wafanyakazi, na mara ya tatu kwa barua niliyoituma juu kabisa. Nililopata ni jibu moja la mistari miwili, kwamba maoni yangu yamepokelewa.

Sasa naandika hadharani, na naandika kwa Kiswahili. Wagawa karata kutoka Mombasa, Bukavu na Morogoro wapo kwenye kumbi hizi, nao wanayajua haya kwa miili yao. Vijana wa nyumbani nao hutazama vipande vya video vya poka na kunitumia wakicheka, bila kujua anayeketi katikati ya meza anasikia nini. Mkitaka kuelewa nilichoandika, muombeni yeyote kati yetu awasomee. Nimewasihi wenzangu wasiwapunguzie neno.

Nianze na usiku wenyewe. Ilikuwa saa nane usiku, siku ya pili ya mashindano. Mchezaji mmoja alikuwa ameweka chipu zake zote, vile vipande vya kuwekea dau, mwenzake akamfuata, na huyo mwenzake ndiye aliyekuwa anaongoza mpaka karata ya mwisho. Nikachoma karata ya juu, yaani nikaiweka kando bila kuifunua, nikafunua ya mwisho: nne ya pao. Ndiyo iliyomwangusha. Karata zake mbili hakuzisukuma katikati ya meza kama inavyotakiwa, alinirushia. Moja ilinipiga kwa ncha chini ya jicho. Ya pili, ree ya uru, ilinidondokea mapajani. Kisha akasema kwamba huko nilikotoka wangeniacha hukohuko.

Nilifanya kama nilivyofundishwa. Niliweka viganja juu ya meza, nikasimamisha mchezo, nikamwita msimamizi wa ukumbi. Alikuja, akamtazama mchezaji, akanitazama mimi, akainama mpaka sikioni kwangu na kuniuliza: "Unajua huyu ana bangili ngapi?"

Mchezaji hakuadhibiwa. Aliyehamishwa meza ni mimi.

Mchezaji huyo simtaji, na si yeyote kati ya watu nitakaowataja hapa chini. Nao ninawataja kwa mambo yaliyotokea mbele ya kamera na yanayojulikana na kila anayefuatilia mchezo huu.

Kabla sijaorodhesha malalamiko yangu, naomba nieleweke kwa jambo moja. Siombi meza ziwe kimya kama msibani. Nimekulia kwenye baraza ya mjomba wangu, ambako wahedi wa sitini ilichezwa kuanzia alasiri hadi taa zinawashwa, na maneno yalikuwa nusu ya mchezo. Mtu akitupa karata nzuri huisindikiza kwa kijembe: leo utalala na njaa, karata zako zina homa, nenda kamwite kaka yako aje akusaidie. Aliyepigwa kijembe alikuwa anacheka huku anatafuta cha kujibu. Lakini siku moja mzee mmoja, fundi wa mchezo kuliko wote pale, alimtukania mwenzake mama yake. Mjomba alikusanya karata zote, akazifunga kwa mpira, akaziweka mfukoni, na mchezo ukaishia hapo siku hiyo. Hakuna aliyeuliza mzee yule ameshinda mara ngapi.

Kijembe kinaugusa mchezo wa mtu, na tusi linamgusa mtu mwenyewe. Mtoto wa Tanga wa miaka minane anaijua tofauti hiyo, nami siamini kwamba ninyi hamuijui.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Rekodi imegeuzwa kinga.

Kila usiku, wakati nazichanganya karata kwa viganja viwili kama mtu anayechambua mchele, nasikia ubishi uleule juu ya Phil Hellmuth, mchezaji wa Marekani. Kundi moja linasema hajatokea kama yeye: bangili 17 za World Series of Poker, wakati anayemfuata, Phil Ivey, ana 11, na magwiji kama Doyle Brunson na Johnny Chan wana 10. Kundi la pili linasema ushindi wake wa 1989 ulikuwa kwenye Mashindano Makuu, yaani shindano kuu la World Series, ya watu 178 tu, ilhali mwaka 2024 waliingia 10,112. Wanaongeza kwamba bangili zake 11 za mwanzo zote zilikuwa za Hold'em, aina ya poka inayochezwa zaidi, na kwamba hajawahi kuwa Mchezaji Bora wa Mwaka wa World Series.

Kwa kuwa nimesikiliza ubishi huu kwa miaka, na mimi nina langu. Rekodi ile ni ya kweli na ni kubwa. Kijana wa miaka 24 kutoka Wisconsin alimshinda Johnny Chan, aliyekuwa ametwaa Mashindano Makuu miaka miwili mfululizo, akaondoka na dola 755,000. Mwaka 1993 alichukua bangili tatu katika msimu mmoja. Na waliomwambia kwamba hajui kingine ila Hold'em aliwajibu mwaka 2012 kwa kushinda kwenye Razz, mchezo ambao mwenye karata ndogo ndiye mshindi, na mwaka huohuo akashinda mashindano makuu ya Ulaya kule Cannes. Bangili ya 17 aliipata 2023, miaka 34 baada ya ya kwanza. Mtu hadumu muda wote huo kwa bahati. Mimi niko upande wa wanaomheshimu.

Ndiyo maana yaliyotokea mwaka 2008 yananiuma zaidi. Kwenye Mashindano Makuu ya mwaka huo alipoteza mkono, yaani mchezo mmoja wa karata, kwa Cristian Dragomir wa Romania, aliyekuwa ameingia na 10 na 4, karata ambazo wataalamu wengi wangezitupa. Hellmuth alimfokea na kumwita mpumbavu, akaendelea hata alipoonywa. Wasimamizi waliokuwa pale, walioona na kusikia, walimpa adhabu ya kukaa nje mzunguko mmoja, yaani mikono kadhaa mpaka zamu izunguke meza nzima, siku inayofuata. Adhabu hiyo haikutekelezwa. Kamishna wa mashindano wa wakati huo, Jeffrey Pollack, aliifuta.

Mwaka 2021, mashindano yakiwa bado yanafanyika ukumbi wa Rio, Hellmuth alikasirika akamwaga matusi na kusema kwamba angeichoma moto nyumba ile asiposhinda. Baadaye aliomba radhi hadharani, na kuomba radhi ni uungwana, namshukuru kwa hilo. Aliendelea kucheza, na msimu huohuo akachukua bangili ya 16.

Waheshimiwa, simhukumu Hellmuth. Yeye mwenyewe anajulikana kwa jina la mtoto mdekezwa wa poka, naye hajalikana. Mtoto hajidekezi. Ninaowalalamikia ni ninyi mliokuwa na kanuni mkononi. Siku adhabu ile ilipofutwa, kila mchezaji mwenye jina alijifunza kitu, na kila msimamizi wa ukumbi alijifunza pia. Swali nililonong'onezwa saa nane usiku lilianzia huko.

2. Adhabu ya asiye na bangili haifutwi.

Mtazameni William Kassouf wa Uingereza. Mwaka 2016 alifika nafasi ya 17 kwenye Mashindano Makuu huku akiongea tangu karata ya kwanza hadi ya mwisho. Alionywa, akaonywa tena, akaadhibiwa kwa mzunguko. Alitolewa akiwa na wafalme wawili, mwenzake Griffin Benger akiwa na ree mbili, na ukumbi ulishangilia kama mpira umeingia golini. Mwaka 2025 alirudi, akafika mbali tena, na alipotolewa mchezoni akazuiwa kushiriki mashindano yaliyobaki ya msimu ule.

Simtetei. Niliwahi kugawa karata kwa watu wa namna yake, na mtu anayetumia dakika nne kuamua jambo la sekunde kumi anawaibia wenzake wanane muda walioulipia. Kanuni zilitumika kwake, na ni vizuri zilitumika. Ninachouliza ni kwa nini kwake adhabu ilisimama, na kwa mwenye bangili 11 wakati ule ikafutwa kabla hajaitumikia.

3. Kiswahili kinakatazwa, tusi linavumiliwa.

Nchini Marekani, mkono ukiwa unaendelea, lugha inayoruhusiwa mezani ni Kiingereza peke yake. Naielewa sababu: watu wawili wasipeane siri kwa lugha ambayo wengine hawaijui. Naitekeleza bila kulalamika. Mkenya akikaa kwenye meza yangu na kuniambia "pole dada" karata zikiwa hewani, ni wajibu wangu kumkatiza, na nimewahi kumkatiza.

Basi neno la huruma kwa Kiswahili linasimamishwa palepale, na neno la kunidhalilisha kwa Kiingereza linapita kwa sababu lugha yake imeruhusiwa. Fikirieni mimi niliyekaa katikati nikiyatekeleza yote mawili kwa mdomo uleule.

4. Mnaandika ushindi, hamuandiki mwenendo.

Hakuna mchezo unaohifadhi kumbukumbu kama huu. Nikitaka kujua mtu alishika nafasi ya ngapi mwaka 1997, na alilipwa dola ngapi, nitapata jibu kabla chai haijapoa. Ingawa, niseme, hata hizo hesabu zina kasoro ambayo wachezaji wanaibishania kwa haki: zinajumlisha alichopokea mtu, hazitoi alicholipa kuingia. Anayelipa ada mara tatu katika shindano moja na kurudisha fedha yake anaonekana ameshinda.

Kosa likitokea kwenye hesabu mnajua kulirekebisha. Mwaka 2019 Daniel Negreanu alitangazwa Mchezaji Bora wa Mwaka. Ikagundulika kwamba alihesabiwa pointi za shindano ambalo hakulipwa, na heshima ikahamia kwa Robert Campbell wa Australia. Jina kubwa likapisha dogo, kwa sababu karatasi ilisema hivyo. Nilifurahi siku ile, na simchukii Negreanu hata kidogo.

Lakini kwenye ukurasa wa mchezaji hakuna safu ya adhabu. Mtu anaweza kutukana wagawa karata miaka 20, na ukurasa wake ukaonyesha fedha na bangili tu. Msimamizi mpya anayeitwa mezani hana pa kutazama ili ajue kwamba hili ni tukio la kwanza au la arobaini. Anachokijua ni idadi ya bangili, kwa sababu ndicho mlichomwandikia.

5. Kulalamika kunatugharimu sisi.

Mshahara wetu mnaujua. Kwenye mashindano tunalipwa kwa kila nusu saa tunayokaa mezani. Mgawa karata anayesemekana "ana matatizo na wachezaji" hupangiwa nusu saa chache zaidi. Hakuna anayemwambia kwa nini. Anaona kwenye ratiba.

Najua mtakayonijibu, maana mengine nimeshajibiwa mdomoni.

Mtasema watazamaji wanapenda vituko. Wanavipenda, kweli. Mwaka 2009 Hellmuth aliingia ukumbini amevaa kama Julius Caesar, na msafara nyuma yake, na mimi sioni ubaya wowote hapo. Huo ni mbwembwe, na mbwembwe haimtoi mtu machozi. Jamie Gold alishinda dola milioni 12 mwaka 2006 kwa mdomo wake: aliwaambia wapinzani karata alizonazo, mara kweli, mara uongo, mpaka wakachanganyikiwa. Watu wangapi walianza kucheza poka kwa kumtazama yeye? Negreanu naye hukaa mezani akipiga soga na kukisia karata za mwenzake kwa sauti huku wote wanacheka. Si malaika, ameteleza mara kadhaa, lakini bangili yake ya saba ya 2024 haikumzuia kuongea na watu kama watu. Maneno yanayojaza viti ni ya aina hiyo. Sijamuona mtazamaji aliyelipa nauli ya ndege kuja kusikia mwanamke wa makamo akitukaniwa kwao.

Mtasema ni hasira za kupoteza. Mwaka 2024 kati ya wale 10,112, ni mmoja tu ambaye hakupoteza. Wengine wote waliinuka, wakachukua mabegi yao, wengi wakaniambia asante wao ambao karata zangu ndizo zilizowatoa. Kijana mmoja aliyekuwa ameweka akiba miaka mitatu ili alipe ile ada ya dola 10,000 alipangusa chipu yake ya mwisho kwa kidole kama anapangusa vumbi, akaniachia mezani, akanitakia zamu njema. Hasira anazo. Adabu pia anayo.

Mtasema ni mambo ya zamani, kamishna yule hayupo, ukumbi wa Rio tumeuacha, hata mashindano yenyewe yameuzwa kwa kampuni nyingine mwaka 2024. Sawa. Karata iliyonipiga chini ya jicho si ya zamani.

Na mtasema kanuni zipo. Zipo. Chama cha wakurugenzi wa mashindano kiliundwa mwaka 2001 ili meza zote ziwe na kanuni zinazofanana, na ngazi za adhabu nazijua kwa kichwa: onyo, mikono kadhaa, mzunguko mmoja au zaidi, kisha kutolewa kabisa. Siombi kanuni mpya hata moja. Nawaombeni mambo haya:

Kwanza, tusi kwa mgawa karata, au karata na chipu kurushwa kwa mtu, iwe mzunguko mmoja nje kwa kosa la kwanza, bila kuanza na onyo, kwa yeyote.

Pili, adhabu iliyotolewa na msimamizi aliyekuwepo isifutwe na mtu ambaye hakuwepo. Ikilazimu kufutwa, sababu iandikwe na kubandikwa ukumbini siku hiyohiyo, na anayeifuta aweke jina lake.

Tatu, fungueni daftari la adhabu litakalosomwa na kila msimamizi kwenye kila ukumbi wenu, ili anapoitwa aone mwenendo wa mchezaji kabla ya kuona ushindi wake. Sidai litangazwe kwa dunia. Lakini anayeingizwa kwenye orodha ya magwiji, kama Hellmuth alivyoingizwa 2007, daftari lake lisomwe na wanaompigia kura.

Nne, mgawa karata akitukanwa asihamishwe meza isipokuwa ameomba mwenyewe, na ratiba yake ya miezi mitatu inayofuata iangaliwe na mtu asiyekuwa msimamizi wake.

Tano, nijibiwe. Barua zangu tatu za Kiingereza ziko ofisini, jina langu na namba yangu ya kazi viko chini ya kila moja. Naomba jibu lenye sahihi ya mtu kabla ya msimu wa kiangazi kuanza.

Waheshimiwa, tulipoajiriwa tulifundishwa kwamba kila tunapoinuka mezani tupige viganja, tuvigeuze juu na chini, kamera ione hatujabeba kitu. Nimefanya hivyo kila nusu saa kwa miaka 11. Usiku ule, nilipohamishwa, nilipiga viganja kama kawaida, nikavigeuza mbele ya mtu aliyenirushia karata, naye alikuwa amekaa anapanga chipu zake zilizobaki. Ile ree ya uru nilikuwa nimeshaiokota mapajani na kuirudisha kwenye karata zilizotupwa, kwa sababu mchezo ulikuwa lazima uendelee.

Nasubiri jibu lenu.

Wenu katika kazi,

Mgawa karata kutoka Tanga